Gari za pamoja za watalii Unguja: fedha ya mgeni inashuka kituo gani?

Asubuhi kuanzia saa mbili, pembezoni mwa Mji Mkongwe utaona Hiace na Noah zikitambaa kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyengine. Vichochoro vya ndani havipitishi gari, kwa hiyo mgeni hutoka kwa miguu na begi lake mgongoni mpaka Malindi, Vuga au Shangani, begi linasukumwa nyuma ya kiti na safari inaanza. Ndani wanakaa watu saba, nane, wakati mwengine kumi na wawili, wengi hawajuani, kila mmoja na nchi yake. Wengine wanakwenda Nungwi tu, wengine Paje au Jambiani. Wapo pia waliouziwa mzunguko wa siku moja wa "fukwe zote". Kwa miaka mingi kiti kimoja cha kwenda kaskazini au mashariki kimekuwa kikiuzwa dola 10 hadi 15, wakati teksi ya peke yako kwa njia hiyo hiyo huweza kuzidi dola 40.

Hawa ndio watalii wa mabegi. Hawazungumzwi sana kwenye hotuba. Linalosikika mara kwa mara ni utalii wa daraja la juu: wageni wenye matumizi makubwa, hoteli za nyota tano, visiwa vidogo vinavyokodishwa kwa wawekezaji. Hoja ya serikali inaeleweka. Unguja ni kisiwa kidogo, maji yake ya kunywa yana kikomo, taka zake hazina pa kwenda, na ukiweza kupata dola mia tano kwa mgeni mmoja badala ya kumi, kwa nini ulete kumi?

Lakini hesabu hiyo inaangalia mgeni ametoa kiasi gani, basi. Haiulizi fedha ile ilishuka wapi. Na kwa msikilizaji wetu wa Bwejuu, Pete au Pwani Mchangani, swali hilo la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu gari inayopita mlangoni kwake bila kusimama haimwachii kitu isipokuwa vumbi.

Idadi inayozungumzwa

Mwaka 2019, kabla ya korona, Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020 wakashuka hadi 260,644. Mwaka 2023 wakafika 638,498, na mwaka 2024 wakawa 736,755. Ziweke idadi hizo pembeni ya sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu wakaazi 1,889,773 Unguja na Pemba kwa pamoja. Na wageni walio wengi hawafiki Pemba kabisa. Wanabaki Unguja, na ndani ya Unguja wanabaki kwenye ukanda mwembamba wa mchanga wa kaskazini na mashariki.

Serikali hueleza kuwa utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la Zanzibar na karibu asilimia 80 ya fedha za kigeni. Hizo ni takwimu za kisiwa kizima, zinavyoonekana kutoka juu. Ukizitazama kutoka chini, picha inabadilika. Uchambuzi wa mnyororo wa thamani wa utalii wa Zanzibar uliotoka mwaka 2010 ulikadiria kuwa wananchi wenye kipato cha chini walikuwa wakipata takriban sehemu moja ya kumi ya mapato ya sekta hiyo. Utafiti ule umezeeka, idadi ya wageni imeongezeka mara kadhaa tangu hapo, lakini sijaona sababu ya kuamini kwamba sehemu ile imekua kwa kasi sawa na hoteli zilivyokua.

Sababu moja ni namna safari zinavyouzwa. Mgeni wa mfuko mzima, yule anayenunua ndege, chumba, chakula na gari ya kumpokea kwa mkupuo mmoja akiwa bado Milan au Warsaw, anakuwa ameshamaliza kulipa kabla hajafunga mkanda wa ndege. Akifika Kiwengwa amevaa bangili ya hoteli, anakula ndani, anakunywa ndani, na akitaka kutoka anatolewa na gari ya hoteli. Mtalii wa mabegi ni kinyume chake. Analipa kidogo kidogo, kila hatua na mtu wake: mwenye chumba, mwenye kiti, mwenye chapati, mwenye ngalawa, mtoto wa mwenye duka aliyemuuzia maji. Ni fedha ndogo, ndiyo. Ila imepita mikono mingi, na mikono hiyo iko hapa hapa.

Wala hili si jambo geni. Zanzibar ilipofungua milango kwa sheria ya uwekezaji ya mwaka 1986, hoteli kubwa hazikuja siku ya pili. Walioanza kufika Nungwi na Jambiani ni vijana wa mabegi waliolala kwenye nyumba za wanakijiji na mabanda ya makuti, kwenye njia ambazo nyengine hazikuwa na lami. Hoteli ziliona njia imeshakanyagwa ndipo zikaja.

Kisiwa hakizungukwi

Ili kuelewa gari hizi inabidi kuelewa barabara. Mtu akisikia "safari ya pwani" anadhani kuna njia moja inayofuata bahari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Unguja haiko hivyo. Barabara zetu kubwa ni kama vidole vya mkono, zote zinaanzia mjini na kufunguka: kidole kimoja kinakwenda Nungwi, chengine Kiwengwa na Matemwe, chengine Chwaka, chengine kinapita Jozani hadi Paje, na cha mwisho kinashuka Kizimkazi na Makunduchi.

Ukifika Paje ndipo unaweza kufuata bahari. Kusini kuna Jambiani kisha Makunduchi, na kaskazini kuna Bwejuu hadi Michamvi. Lakini Michamvi njia inakwisha. Mbele yako kuna Ghuba ya Chwaka, na kijiji cha Chwaka unakiona ng'ambo ya maji. Hakuna daraja. Gari inayotaka kuendelea kaskazini lazima irudi Paje, ipite tena msituni, ikaribie katikati ya kisiwa, ndipo itoke upya mashariki kuelekea Chwaka, Uroa, Pongwe na Kiwengwa.

Hiyo ndiyo sababu mzunguko wa "fukwe zote" kwa siku moja ni safari ya kukaa ndani ya gari zaidi kuliko kuwa ufukweni. Urefu wa kisiwa ni kama kilomita 85, unaonekana mdogo kwenye ramani, lakini kwenda na kurudi kwa vidole vitatu vya mkono ni kazi ya kutwa. Dereva anajua hilo. Kwa hiyo anabana. Na kinachobanwa ni vituo vya katikati, si zile saa mbili za kupiga picha kwenye mchanga.

Dola 44 kabla ya kiti

Tangu Oktoba 1, 2024, kila mgeni asiye Mtanzania anayeingia Zanzibar anatakiwa kulipia bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, inayodumu hadi siku 92. Bima yenyewe ina maana yake. Mgeni akipata ajali ya pikipiki Kendwa au akizidiwa ndani ya maji Mnemba, gharama za matibabu na za kumsafirisha zina mwenyewe, na hospitali zetu haziachiwi mzigo.

Tatizo langu ni namna inavyotozwa. Ni kiwango kimoja kwa mtu mzima yeyote. Chukua Hiace yenye watalii saba wa mabegi: kwa pamoja wamelipa dola 308 kabla hawajatoka uwanja wa ndege wa Kisauni au bandari ya Malindi. Sasa chukua wenza wawili wanaokwenda kulala kwenye vila yenye bwawa lake: wamelipa dola 88. Kwa hao wawili, fedha hiyo ni pungufu ya chakula cha jioni. Kwa mmoja wa wale saba, kiti kikiwa dola 10, ni zaidi ya nauli za viti vinne vya gari ya pamoja, yaani kwenda Nungwi, kurudi mjini, kwenda Paje na kurudi tena.

Na mtu wa bajeti ndogo hafanyi kama anavyofanya tajiri pale gharama zinapopanda. Tajiri hulipa na kusahau. Huyu hukata siku. Badala ya usiku sita analala minne, na zile siku mbili zilizokatwa zilikuwa za Jambiani, kwa mama mwenye vyumba vitatu. Serikali imepata dola zake 44 na mama amepoteza wageni. Kama nia ni kuchangisha zaidi wanaotumia zaidi, tozo inayofuata bei ya chumba ni ya haki kuliko tozo inayofuata vichwa. Bima itabaki bima, sawa, lakini mizigo mengine isiwekwe kwa kuhesabu vichwa.

Gari inasimama wapi?

Tuifuate gari ya Paje. Inatoka mjini, inapita Tunguu, na baada ya muda inaingia Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ndiyo hifadhi pekee ya taifa ya Unguja. Barabara ya lami inakata ndani yake. Kima punju, ambao hawapatikani kwa asili pengine popote duniani isipokuwa visiwani kwetu, wanavuka barabara hiyo kila siku, na wengi walikuwa wakigongwa mpaka yakawekwa matuta.

Kwa hiyo gari inapunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Wageni wanainua simu, wanapiga picha kupitia dirishani, kima wanawatazama bila hamu, na safari inaendelea. Fedha iliyobaki Jozani ni sifuri.

Lakini gari ile ile ikisimama dakika arubaini, kila mgeni akakata tiketi na kuingia na muongozaji, jambo jengine linatokea. Kwa miaka mingi Jozani imekuwa na utaratibu wa kugawa sehemu ya mapato ya kiingilio kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, na wakulima wanaoliwa mazao na kima nao wamekuwa na fungu lao. Utaratibu huo haujawahi kukosa manung'uniko. Mkulima wa Pete anayeona mihogo yake imetafunwa hatakwambia kuwa fidia inatosha. Hata hivyo ni moja ya sehemu chache Unguja ambapo unaweza kuifuata noti ya mgeni kutoka dirisha la tiketi hadi kisima, skuli au mfuko wa kijiji. Tofauti kati ya gari mbili zilizobeba wageni wale wale, waliolipa nauli ile ile, ni kwamba moja ilisimama.

Paje kuna mfano mwengine. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo kinabeba zaidi ya watu elfu ishirini, wengi wao wanawake. Bei ya mwani mkavu ni ndogo, na ile aina yenye bei nzuri haistahimili maji yanavyozidi kupata joto. Mgeni anaposhuka Paje maji yamekupwa, anaona wanawake wameinama mbali huko kwenye vigingi vyao, anaona rangi za kanga, anapiga picha. Kwake ni mandhari. Kwa aliyeinama ni ofisi. Na upepo wa kusi ukianza, juu ya kamba hizo hizo za mwani zinapita kite za wageni, na kamba zikikatika hakuna anayepiga hodi kuomba radhi.

Wapo wanawake Paje waliopata njia ya kugeuza mwani kuwa sabuni na mafuta, na kumtembeza mgeni shambani kwa malipo. Hilo ni jambo zuri, lakini lina saa yake. Shambani kunakwendwa maji yakipwa, na kupwa kukubwa ni kwa bamvua, siku chache mara mbili kwa mwezi. Gari inayopanga ratiba kwa saa ya chakula cha mchana wa wageni na si kwa maji, itafika bahari imejaa na wanawake wameshapanda juu. Waendesha ngalawa na wenye mikahawa wanaijua kalenda hii kwa moyo. Pale Pingwe kuna mkahawa juu ya jiwe baharini, mteja anauendea kwa miguu maji yakiwa yamekupwa na anarudi kwa mtumbwi yakijaa. Kupanga safari kwa maji kunawezekana. Ni kwamba hakuna anayelipwa kwa kulifanya.

Anacholipwa dereva ni kamisheni, na hapa sisemi ile Kamisheni ya Utalii. Hoteli humpa kitu kwa kila mgeni anayemshusha mlangoni, duka la vinyago humpa kitu, na papasi aliyewakusanya abiria mjini naye anadai chake. Ndiyo maana mgeni aliyeomba ashushwe kwa jina la nyumba fulani huambiwa imejaa, imefungwa au imeungua. Wengi wetu tunacheka tukisikia visa hivi. Lakini tazama vinafanya nini kwa fedha: vinaivuta kutoka kwa mama mwenye vyumba vitatu, asiyeweza kutoa bahasha, na kuipeleka kwa mwenye vyumba thelathini anayeweza. Papasi na dereva nao wana watoto wa kulisha. Sitaki waonekane kama wezi, kwani wanafuata njia ya malipo waliyoikuta.

Na gari za shamba je?

Kuna watakaouliza kwa nini mgeni asipande daladala kama sisi. Wapo wanaopanda. Namba 116 inakwenda Nungwi, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Nauli ni shilingi elfu mbili hadi tatu hivi, na utingo atapanga begi juu ya paa pamoja na magunia ya unga na ndoo za samaki. Ni usafiri halali na wa kweli, na mgeni anayejua salamu tatu za Kiswahili atafika akiwa na marafiki.

Ila tusijidanganye. Stendi ilipotolewa Darajani kwenda Kijangwani, mgeni wa Mji Mkongwe alipoteza kituo kilichokuwa hatua chache kutoka chumbani kwake. Gari za shamba hujaa wanafunzi asubuhi na wafanyakazi jioni, na begi la lita sabini linakalia nafasi ya mama anayetoka sokoni. Sioni faida ya kuwasukuma wageni elfu kadhaa humo bila kuongeza magari. Gari za pamoja za watalii zina nafasi yake. Zinapunguza teksi barabarani, watu saba kwa gari moja badala ya gari nne, na zinatoa kazi kwa vijana wenye leseni. Kinachohitaji kurekebishwa ni kituo, si gari.

Afrika Kusini walikuwa na mfano mkubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1990, Baz Bus ilipita pwani kutoka Cape Town kuelekea mashariki, mgeni akinunua tiketi moja na kushuka na kupanda popote alipotaka. Nyumba ndogo za wageni kwenye miji ambayo isingepata mtu zilipata watu kwa sababu basi lilisimama pale kwa ratiba, kila mtu akijua siku na saa. Korona ililisimamisha. Hilo nalo ni la kukumbuka: nyumba ndogo zikitegemea gari moja, gari ikifa nazo zinalala njaa.

Kwetu masafa ni mafupi na magari ni mengi, hatuhitaji kampuni moja. Tunahitaji tiketi inayomruhusu mgeni kushuka Jozani na kupanda gari inayofuata kwenda Paje bila kulipa upya. Waendeshaji wanaweza kukubaliana hilo wenyewe, na Kamisheni ya Utalii, ambayo tayari inatoa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2009, inaweza kuliweka kama sharti la leseni ya gari ya pamoja: taja vituo vyako, taja kijiji, toa risiti. Kijiji nacho kiweke wazi daftari lake. Fedha za pamoja zikishikwa na mtu mmoja bila kuhojiwa, hata sheha awe mwema vipi, zitaleta ugomvi kabla hazijaleta maji.

Bei nayo iandikwe. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kudai malipo ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kiti kilichokuwa "dola kumi" kwa mdomo kinapaswa sasa kuwa na bei ya shilingi. Nani anaibandika bei hiyo, na wapi? Ukuta wa bandari ya Malindi ungefaa, pale boti zinaposhusha abiria na papasi wa kwanza anaposema karibu. Ukuta wa Kijangwani ungefaa pia. Bei ikiwa ukutani, dereva anayetaka kusimama Jozani hatalazimika kushindana na aliyepunguza dola mbili kwa kuruka vituo.

Masika yakipita, wageni wa Juni hadi Septemba wataanza kuingia, upepo wa kusi utawaleta wale wa kite Paje, na Hiace zitaanza tena kuzunguka Malindi na Shangani saa mbili asubuhi. Leseni zinazobandikwa kwenye vioo vyao bado hazisemi gari itasimama wapi.